Fundo la Tatu

Kifuniko cha ndoo ya rangi nilikiomba kwa fundi Bugumba,
nikakigawa robo nne: mbili nyeupe, mbili nyeusi,
katikati nikafunga nati ya trekta
ili kizame bila kubishana na mawimbi.
Kamba ya katani, fundo kila sentimita kumi.
Gharama ya chombo kizima: soda moja ya Bugumba.

Alhamisi, saa mbili, darasa la nne tukashuka Luchelele,
watoto thelathini na wanane, daftari thelathini na moja,
penseli zikining'inia shingoni kwa uzi
maana ziwa halirudishi penseli.
Nikasema: hakuna kutia mguu majini.
Konokono wale wadogo kwenye matete,
ndani yao kichocho kimepanga chumba.
Ngollo akauliza kodi ni shilingi ngapi.

Kenge aliyekuwa akiota jua alituona tu wengi,
akaondoka bila haraka,
kama karani anayefunga dirisha saa sita kasoro.
Mnandi juu ya jiwe alitandaza mabawa kama nguo za kufua.
"Mbona anayaanika? Bata haaniki."
Sikuwa na jibu.
Niliandika swali kiganjani, kwa wino.

Kisha lile jiwe bapa linaloingia majini kama ulimi.
Wakalala kifudifudi, watano watano, videvu ukingoni.
Kikipotea, semeni.
"Kumi na moja." "Kumi na mbili."
"Kumi na moja na nusu, mwalimu."
Sayi akasema ishirini, ashinde.
Nikamwambia ziwa si mnada;
akateremka mwenyewe hadi kumi na mbili, bila aibu.
"Nani kapatia?"
Wote. Andikeni zote, tutazipanga, tuchukue ya katikati.
Wakanuna kidogo. Wamezoea jibu moja
lenye vema jekundu.

Holo akasema: "Tatu."

Wakacheka. Nikapandisha kamba, nikashusha tena.
"Tatu, mwalimu. Kimeshapotea."
Mimi nilikuwa nakiona, kinang'aa
kama sahani iliyotoka kuoshwa.
Tukahamia upande wa pili, jua likawa mgongoni.
"Tatu."

Hapo kamba ikawa nzito mkononi.
Nikakumbuka daftari lake:
nane palipo na sita, saba palipo na moja,
sentensi za ubaoni zinazokatika katikati ya njia,
na chini, kwa mwandiko wangu,
Mzembe. Acha kuota.
Tangu Januari.
Na dawati la nyuma kabisa, nilikomweka
kwa kuwa ni mrefu.

Nilisema tu: "Andika tatu."
Akaandika, pua ikigusa karatasi,
jambo nililolitazama kila siku
na sikuwahi kuliona.

Wakati wa kurudi nilitembea naye nyuma ya msafara.
Pale mbele, nikamuuliza, unaona nini?
"Rangi ya maji. Halafu rangi nyingine."
Na yule ndege?
"Ndege gani?"

Mchana tulichora matokeo ubaoni, Holo akiwa mstari wa kwanza,
magoti yake marefu yakigonga dawati la wafupi.
Namba thelathini na saba zimelundikana
kama dagaa pembeni mwa wavu,
na moja peke yake, mbali.
Chuoni tulifundishwa namba ya namna hiyo
itiliwe shaka, ifutwe.
Ngollo alishika kifutio, akaniangalia.
Nikamwambia aache.

Jioni nikaenda kwao na kamba begani.
Mama yake alikuwa anakusanya dagaa walioanikwa;
mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Ukerewe.
Nikamweleza: hapa ndipo wenzake, hapa ndipo yeye.
Alilishika fundo la tatu, akalifinya
kama anayekagua muhogo sokoni,
akateremsha vidole, fundo kwa fundo,
hadi la kumi na mbili.
Kimya. Kisha:
"Miwani ni shilingi ngapi, mwalimu?"

Hilo nalo sikulijua.
Niliomba kalamu,
nikaliandika kiganjani, chini ya lile la mnandi.