Kabla ya Kujenga Ukuta

Hovik ameingia na theluji mabegani,
flashi ya kijani inaning'inia kwenye funguo zake.
"Dakika ishirini tu, shangazi Arpenik.
Mfumo wa zamani utabaki, mpya utakaa kando yake,
wapangaji wawili, mlango mmoja."

Wapangaji wawili mlango mmoja ninawajua.
Nimezaliwa hapa Gyumri, mtaa wa mawe meusi,
chumba tulichogawana na mjomba kwa kabati na pazia:
siku ya kusogeza kabati
ndiyo siku sahani zilivunjika.

"Keti," nikamwambia. "Kunywa chai. Hatugusi kitu."

Humo ndani mna hesabu za duka langu la vifungo,
mna ankara za gesi, mna picha za paka aliyekwisha kufa;
hivyo, vikienda, na viende.
Lakini mna folda moja niliyoiita *mama*,
faili arobaini na tatu za sauti,
Vardush akinielekeza mishono ya lesi
kwa simu ya bei rahisi, sufuria zikigombana nyuma yake.
Miaka mitatu sijafungua hata moja.

Akiba haiozi, walisema.
Hawakuiona diski.
Kilicho mahali pamoja tu si akiba,
ni kitu ambacho bado hakijapotea.

Basi tukanakili. Saa nzima na robo
mstari wa buluu ukitambaa kama mgonjwa anayejifunza kutembea.
Hovik akataka kuichomoa diski ya nje, kazi ianze.
"Umejuaje kwamba vimefika?"
"Imeandika *imekamilika*."
"Posta nao waliandika hivyo, mwaka wa barua ya baba yako."

Nikafungua moja moja.
Katika ya kwanza alikohoa, kisha akaita jina langu.
Katika ya nane alimkaripia mtu aliyeacha mlango wazi,
na mtu huyo, nadhani, ni mimi.
Ya thelathini na moja ilikuwa na jina, ilikuwa na tarehe,
na uzito wake sifuri.
Ganda la yai, yai halimo.

Tukainakili upya. Sekunde kumi na tisa:
*Hapa uzi usiuvute, mwanangu. Uache upumue.*
Hovik akageuka kutazama dirisha
lililokuwa limeganda lote, halionyeshi kitu.

Ndipo tukaanza.
Tarakimu arobaini na nane za ufunguo
nikaziandika kwa kalamu nyuma ya kalenda,
maana mlinzi wa diski akiona mgeni mlangoni
humkana hata mwenye nyumba.
Windows tukaizima kweli,
si ule usingizi wake wa jicho moja wazi.
Chaja ukutani, betri imejaa;
umeme wa mtaa huu, Januari, hauna haya.
Nafasi tukaikata kwa zana za mfumo wenyewe,
wa zamani ajikunje kwa hiari yake, asikunjwe na mgeni.

Likaja swali.
Jibu lilikwisha kuchaguliwa kwa niaba yetu,
linang'aa, lina adabu zote:
*Futa diski yote, kisha sakinisha.*
Kidole cha Hovik kilikuwa tayari hewani.
Nikakishika, kama nilivyokishika
alipokuwa na miaka minne, mbele ya jiko.

Chini kabisa, kwa herufi za kuonea aibu: *Njia nyingine.*

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi ukuta niliutaka,
ila ufa kwanza.

Sasa ni usiku. Majina mawili meupe kwenye skrini nyeusi,
na sekunde kumi zinazoshuka ukikaa kimya.
Hovik kachagua lake, kaniachia langu, kaenda kulala.
Diski ya nje iko kwa Satenik, ghorofa ya pili,
ndani ya kopo la ngano, asiulize ni ya nini.

Nimeitafuta sindano. Ilikuwa palepale, kwenye mto wake.
Uzi umeingia tunduni mara ya nne.
Sijauvuta.