Bisibisi Sikioni

Dola elfu sita na mia nane,
alisema kijana Brody, macho kwenye kompyuta,
kana kwamba bei ile ilikuwa ya mtu mwingine.
Konrodi, alisema. Beringi imekwisha. Injini nzima ibadilishwe.
Nyuma yake mashine ya kahawa ilikohoa, ikanyamaza.
Nikaomba kuona.
Wateja hawaingii kule ndani. Mambo ya bima.

Nilitoka natetemeka, si kwa baridi peke yake,
ingawa Thunder Bay ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri
na ziwa limeganda hadi pale jicho linapochoka.
Subaru yangu ina miaka kumi na sita.
Ndiyo inayonibeba, mimi na uma wa sauti na mfuko wa vigingi,
hadi makanisa ya Nolalu yenye waumini tisa na piano moja.
Kazi yangu ni kukaza nyuzi. Sina nyingine, wala sikuwahi kuitaka.

Kuuliza si ujinga, nilijiambia.
Lakini sikwenda kuuliza,
nilikwenda kutafuta shahidi.
Kutoka Mtaa wa Arthur hadi nyuma ya reli
nilitunga maneno ya kumrudishia Brody;
mwizi lilikuwa mojawapo, na ndilo lililokuwa na adabu.

Oreste Pignataro hana mashine ya kahawa.
Ana jiko la kuni, mbwa kipofu,
na kalenda ambayo hakuna aliyeifunua tangu Agosti.
Nilipoanza kumweleza alichoniambia yule mwingine, akainua kiganja:
"Usinitajie. Utaniharibia masikio."
Akafungua boneti, akasimama tu, mikono mifukoni,
kama nisimamavyo mimi kabla sijagusa kibonyezo hata kimoja.
Kisha akachukua bisibisi ndefu,
ncha akaitia kwenye chuma, mpini akaukabidhi sikio langu.

Ko. Ko. Ko.
Chini ya mngurumo, nje kidogo ya mapigo,
mtu anabisha kwenye nyumba tupu
hajui kwamba wenyewe walihama.

Akafungulia oili, ikashuka kwenye karai,
akapitisha tochi juu yake,
na ule weusi ukawaka vumbi la shaba,
zuri, Mungu anisamehe, zuri kama rangi ya kucha za bibi harusi.
"Hiyo ndiyo beringi yako. Umekuwa ukiimwaga kidogo kidogo
labda tangu Oktoba."
Na bei? Akataja yake: elfu sita na mia tatu, injini ya mtumba.
"Yule kijana hakukuibia," alisema, akifuta mikono.
"Hakukuonyesha tu."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Nikamkumbuka Bi Halvorsen wa Kakabeka,
piano ya mama yake, iliyovuka bahari kutoka Bergen
ikiwa imefungwa mablanketi,
nami nina miadi mingine saa tisa:
"Ubao wa vigingi umepasuka. Haitashika sauti. Usitupe pesa zako."
Niliyasema hayo nikifunga mkoba.
Baadaye nikasikia amemwita fundi wa Winnipeg,
kilomita mia saba, kuja kumwambia lile lile.
Nikacheka, mdomo umejaa supu.
Nikamwita mkaidi.

Oreste alikataa noti ya hamsini.
Alichukua bei ya oili mpya, basi,
akasema hiyo ni ya kunifikisha nyumbani, si zaidi.

Nikaendesha polepole, redio nimeizima.
Ko, ko, ko. Kwa sikio langu ni la, imeshuka kidogo.
Njiapanda, taa ikageuka kijani
na aliye nyuma akapiga honi, kwa haki kabisa,
nami bado nahesabu
ni kilomita ngapi hadi Kakabeka,
kama konrodi itastahimili,
na kama tochi yangu ina betri.