Kushuka Hadi Nne

Alianza na kumi.
Ukumbi wa harusi kule Nguba, viti vya plastiki mia mbili,
mapambo ya Jumamosi bado yananing'inia,
na Kocha Lwaboshi ndani ya suti ya krimu,
mikrofoni mdomoni kama mtu anayekula muhogo polepole.
"Fumba macho. Kope ni nzito. Tisa. Shuka ngazi moja."
Nikashuka. Mtu wa Kadutu hafundishwi kushuka:
tangu utoto nashuka na ndoo, napanda na ndoo.
Nane. Saba, mikono yangu ikawa ya mtu mwingine.
Sita, nikasahau deni la Mama Nabintu.
Tano. "Wewe ni mto wa pesa," akasema, "na mto hauombi ruhusa."
Nne,
umeme ukakatika.

Jenereta ikakohoa, ikakataa.
Watu wakawasha simu, wakatafuta viatu,
mmoja akauliza kama tutarudishiwa zile dola ishirini.
Kocha alitokea mlango wa jikoni.
Hakuna aliyetuhesabia kurudi juu.

Sikatai: usiku ule nililala.
Miaka mingapi nimelala na sikio moja mlangoni,
nikipima kila mlio, hili ni bati, hii ni risasi,
huyu ni mbwa wa jirani tu.
Usiku ule mvua ilipiga bati hadi ikachoka yenyewe.
Asubuhi chai ilikuwa na ladha ya chai.

Ndiyo maana Cishugi, mdogo wangu,
alipotaka daraja la pili sikumzuia.
Alirudi na daftari:
pumua anapopumua. Akikuna shingo, kuna shingo.
Muulize matatu ambayo jibu lake ni ndiyo,
la nne ndilo lako.
Gusa kiwiko, kidogo, kama unamtoa uzi.

Jumanne jioni akaketi jikoni kwangu juu ya kigoda,
yeye asiyeketi.
Akaniuliza habari ya mgongo.
Mvua imekunyeshea, dada Nsimire? Ndiyo.
Makaa yamepanda bei? Ndiyo.
Watoto wamelala? Ndiyo.
Kifua chake kikapanda na changu, kikashuka na changu.
Nikauona mkono ukija kiwikoni.
Niliuona! Daftari nilishalisoma alipokuwa anaoga,
hadi ukurasa wa kumi na mbili.
Na bado mdomo wangu ukasema: ziko ndani ya kopo la maziwa.
Dola mia moja na arobaini. Minervali ya watoto, muhula mzima.

Mama aliita uchawi.
Mchungaji Byamungu aliita pepo, akataka sadaka ya kulitoa;
naye pia ana mikrofoni,
naye pia hutuambia tufumbe macho.
Mwalimu mmoja wa saikolojia, mteja wangu, alicheka tu.
Haiwezekani, alisema. Hipnosi haimfanyi mtu
atoe asichotaka kutoa.

Hilo ndilo linaloniwasha.
Maana labda nilitaka.
Labda si kiwiko wala kope.
Labda ni kwamba kwa miaka thelathini na minne
hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeniuliza habari ya mgongo
akasubiri jibu.
Mwizi mwingine huvunja kufuli.
Huyu alileta kitu nisichokuwa nacho,
akakiweka mezani, akachukua kopo.
Niende polisi nikaseme nini? Kwamba alinisikiliza?

Nauza sambaza pale Nyawera.
Mteja akiinama, nainama. Akishusha pumzi, nashusha.
Naona mkono wangu unaelekea kiwiko chake,
nauita urudi, kama mbuzi.
Napima kwa kikombe: moja, mbili, tatu, nne,
nasimama hapo.
"Nilisema tano, mama."
Kweli. Ulisema tano.
Tano, natamka kwa sauti ili nijisikie,
tano. Na sita ya nyongeza.
"Sikuomba nyongeza."
Najua, namwambia. Acha kwanza nihesabu.
Saba.