Gia ya Tatu

Fulana za mfadhili zilikuja saizi moja,
ya watu wazima. Tukazifunga mafundo kiunoni,
watoto ishirini na watatu, njano tupu
kama vifaranga kwenye boksi,
tukapandishwa lori la saruji pale Nyakato
ziwa likiwa bado halijapata rangi.

Usagara, mbio zikachelewa.
Saa moja. Saa tatu. Saa nne na nusu.
Mkate ukaisha, juisi ikaisha.
Milembe akauliza kama magari yameamka.
Mpiga picha akasema, pungeni mikono!
Tukaipungia barabara tupu.
Ng'ombe mmoja akakatiza, akashangiliwa.

Kisha vumbi,
kisha mngurumo, kokoto zikaruka,
na kitu chekundu kikawa kimeshapita
kabla sijamaliza kusema "lile".
Sekunde nne. Nilihesabu,
maana risiti za safari ninatunza mimi.

Lakini Lushu,
ambaye tangu aletwe hajatamka neno,
hata jina lake tulilisoma kwenye kadi ya kliniki,
alikuwa ameinamisha kichwa
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
"Gia ya tatu," akasema. "Inakwaruza."

Mpiga picha alikuwa anabadilisha betri.
Nikachuchumaa. Nani kakufundisha?
"Baba. Mabatini. Chini ya gari."
Akafumba macho, akingoja la pili.

Usiku, mafundo yamefunguka,
fulana zinaburuza sakafuni,
nikakaa na daftari la mfadhili:
mkate, juisi, dizeli.
Nikashindwa kujua
lile neno niliandike safu gani.