Chokaa

Usiku wa Alhamisi, tulipofika "utusamehe makosa yetu,"
la kwanza likagonga bati.
Mchungaji hakufumbua macho.
La pili. La tatu. Mtoto wa Dama akalia,
na sala ikakatikia pale, "kama sisi,"
kama mlango ulioachwa wazi.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Mimi ndimi mweka hazina, na sanduku letu ni jepesi,
basi nikapewa mawe.
Alhamisi kumi na moja, mawe mia na sita,
yote ya matumbawe, yenye vitundu
kama mkate wa kumimina.
Nikayapanga nyuma ya kanisa, hapo Barani,
kila fungu na tarehe yake.

Kwa chifu tulikwenda. Tusijifanye malaika.
Akaandika, akapiga mhuri, akataka shahidi.
Shahidi gani? Sote tulikijua kile kikohozi
cha Ngumbao, gizani, nyuma ya michongoma.
Vijana wakasema: mawe si haba, na mikono tunayo.
Nami, Mungu anajua, nililipima moja kiganjani
nikaona linatosha.

Ndipo Bi Jumwa, binti wa mchoma chokaa,
akainama, akaokota moja, akalinusa.
"Hili zuri," akasema. "Linawiva."

Tukaburura magogo ya mnazi mfu.
Siku mbili usiku na mchana tanuri likawaka.
Asubuhi ya tatu tukamwaga maji:
mawe yakapumua, yakafoka, yakapasuka,
yakawa unga laini kwa macho, mkali kwa ngozi.
Jumwa akatufunga matambara mikononi.
"Na kusamehe nako," akaanza,
moshi ukamwingia kooni, hakumaliza.

Tulipaka ukuta wa mbele. Likabaki debe moja.
Wiki hiyohiyo mamake Ngumbao akafariki,
kaburi lake likawa la saruji tupu, kijivu.
Jumwa akaniambia: "Beba."
Nikabeba. Njia nzima debe lilinichapa goti,
nikiapa nitalitua uani nigeuke.

Nikamkuta peke yake, amekalia karai.
Akalitazama debe, akanitazama, akakohoa.
"Kiasi gani?"
"Ulishalipa," nikasema.
Mpaka leo sijui kama lilitoka kwa upendo
au lilikuwa jiwe langu, limepakwa nyeupe.
Alichovya brashi. Hakusema ahsante.
Nikashika ngazi, maana mkono wake ulitetemeka.

Alhamisi iliyofuata tukafika tena "kama sisi,"
tukanyamaza wote, tukisikiliza bati.
Jiwe moja. Kisha kimya.
Huenda lake, huenda la mwingine.
Jumwa peke yake akaendelea,
"tunavyowasamehe," sauti imekwaruza,
nasi tukamfuata mmoja mmoja, kwa kuchelewa.

Daftari langu linasema mia na sita.
Tanurini yaliingia mia na tano.
Nalijua lilipo hilo jingine.
Kila nikivaa koti la ibada, linanigonga ubavuni.