Kitufe cha Pili

Aliyeleta kisanduku alikuwa kijana wa Birmingham,
viatu mkononi, soksi moja imetoboka kisigino.
Akatutajia neno la kazini kwao, nami nikalifasiri:
saa za kilele.
"Kilele cha nini?" baba akauliza. "Cha mnazi au cha mlima?"
Nikajaribu tena. Ni tangu saa kumi na mbili jioni
hadi saa nne na nusu,
watu wamesharudi makazini, sufuria zimeteuliwa,
macho ya nchi nzima yanapanda kwa pamoja,
na kule juu tangazo la sabuni, nusu dakika tu,
huuzwa bei ya nyumba.
"Na mwenye macho hupewa kiasi gani?"
Vocha ya duka, baba. Kila mwezi.
Akacheka hadi akatafuta leso.

Kila mtu akapata kitufe chake.
Mama cha kwanza, baba cha pili, mimi cha tatu,
cha nane cha mgeni.
Ukikaa bonyeza, ukiinuka bonyeza.
Baba alibonyeza kama mtu atiaye sahihi benki,
kisha akasinzia kabla habari hazijakwisha,
na kisanduku kikahesabu usingizi wake
kuwa ni kutazama.

Alitutoka Februari, Jumanne,
Coventry ikinyesha theluji isiyoshika chini.
Hitima ikapita, viti vya kuazima vikarudi msikitini.
Mama akakaa eda.
Sauti ya televisheni kaizima, picha kaiacha:
watu wa tamthilia wakigombana kimya,
kilele bila kelele.
Jioni moja nilimkuta kwenye kochi, tasbihi mapajani,
kidole kikibonyeza moja,
halafu, pasi na haraka, mbili.

Nilitaka kumwambia, Mama, takwimu hizo.
Yuko mtu ofisini London anayezisoma asubuhi,
ana safu ya wanaume, miaka sitini na mitano kwenda juu,
na kwa hesabu yake Mzee Shaibu wa mtaa wa Foleshill
hajakosa hata usiku mmoja.
Sikusema.
Nikavuta kiti, nikabonyeza tatu.

Saa tatu, kasorobo bado matangazo,
akanyoosha mkono akaizima ile mbili.
"Mwache," akasema. "Baba yako hafiki saa nne."