Kanda ya Kikohozi

Wanakuja kibandani kwangu, nyuma ya soko la Mbuyuni,
hawasemi jina la wimbo.
"Nipe ile ya kikohozi," wanasema,
na mimi naijua.

Ndesario hakuwa na studio. Alikuwa na gitaa la nyuzi tano
(wa sita ulikatikia Kibosho, harusini, na hela ya mwingine hakuwa nayo)
na redio kaseti ya kuazima kwa mwinjilisti.
Ghalani wanawake walikaa chini wakichambua buni,
nzima huku, mbovu kule.
Ukitega sikio utazisikia zikidondoka kwenye debe
kama mvua inayosita.

Akaimba habari za kidole cha karani.
Basi. Hakutaja serikali, hakutaja ushirika,
kidole kimoja chenye wino ukuchani,
kinavyoinua sinia la mizani kwa chini,
taratibu, kama mtu anayemshika mtoto kidevu,
na kilo mbili za mama yako
zimekwenda.

Walimu wa ushairi waliucheka. Walihesabu silabi,
wakasema wimbo huu hauna mizani.
Hauna. Ndiyo habari yenyewe.

Kati ya ubeti wa pili na wa tatu mwanamke anakohoa.
Mara mbili, halafu moja ya kujizuia.
Ni mama yangu, Aikande. Vumbi la maganda.
Aliishi miaka minne baada ya hapo.
Wateja sijawaambia.

Ukigeuza kanda kuna ule mrefu, wa Ndekirwa,
mjane aliyeketi kwenye mlango wa mfereji usiku kucha
ili maji yasigeuzwe kwenda shambani kwa mkubwa.
Beti kumi na nne, hauna kiitikio,
na hakuna anayeuzima katikati.
Kule Mbokomu koo tatu zinamgombea: bibi yetu, hapana, bibi yetu sisi.
Wamemwonyesha hata kaburi.
Ndesario aliwahi kuniambia jina lile
alilikuta kwenye daftari la madeni, dukani.

Baadaye akapata suti nyeupe, kinanda, wacheza shoo,
akaimba mapenzi, akaimba sifa za benki.
Simlaumu. Njaa haina ubeti.
Ila alipourudia wimbo wa kidole, safi, na fidla juu yake,
niliuza nakala tisa, sita zikarudi.
"Huu si wenyewe," mama mmoja wa Kiboriloni aliniambia,
akiusukuma mezani. "Huu umeogeshwa."

Juzi Praygod, kijana wa bodaboda, kaleta flashi.
Amezaliwa ghala limeshakuwa ukumbi wa sherehe.
Nikamuuliza, wewe kahawa unaijua?
"Kahawa siijui," akasema.
"Ila nyanya za mama zinapimwa."

Na mwezi uliopita alikuja mwenyewe.
Kofia, mkongojo, gari likimsubiri ng'ambo ya mtaro.
Akauliza kama mashine za siku hizi
zinaweza kuondoa kikohozi;
kuna watu Arusha wanataka kuutoa upya.
Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu zamani,
kali, limekaa tayari kama wembe kwenye karatasi yake.
Badala yake nikawasha spika.

Alisikiliza amesimama.
Buni zikadondoka. Karani akainua sinia.
Mama akakohoa,
na nikaona kidevu cha mzee yule kikitikisika kidogo,
kikihesabu.
"Nilimngoja amalize," akasema.
"Ndiyo maana gitaa linazunguka mara mbili hapo."

Kanda hii nimeinakili miaka thelathini na saba.
Nilidhani alikosea.